Gari Lililoangalia Bondeni

Mectilda ana gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limeinama chini chini kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Na anaishi Endagikot, nje kidogo ya mji wa Mbulu, ambako mwenye akili zake timamu hununua pikipiki, au gari la juu linaloweza kuruka mawe. Ukimwuliza ilikuwaje, atakuambia alikulia Ifakara, baba yake dereva wa trekta, na utoto wake wote aliumalizia juu ya bawa la tairi la trekta akipitwa na kila chenye magurudumu, hata baiskeli ya muuza samaki. "Nikajiapiza," husema. "Siku nikiwa na changu, nitapita mimi."

Basi akaja huku kuwa mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya, akaolewa na mwalimu Lameck, mzaliwa wa kijiji cha Bashay, ng'ambo ya mlima, wakamzaa Irene, na miaka michache baadaye afisa mmoja wa ardhi akahamishwa, akaliacha gari lake kwa bei ya kulikimbia. Mectilda akalinunua. Watoto wa Endagikot wakaliita Kiberiti. Lameck naye, ambaye mdomo wake hauna breki, akawa hapitishi wiki bila kusema gari la mwendo wa mia mbili limekuja kuishi kwenye barabara ya mwendo wa ishirini. Lakini yeye huyo huyo akipewa ufunguo aende sokoni, utamwona anabadilisha shati kwanza.

Tatizo la Kiberiti lilikuwa moja, na chanzo chake alikuwa Mectilda mwenyewe. Ndani ya injini kuna kidude kidogo kinaitwa themostati. Kazi yake ni kama ya bawabu: maji yakiwa baridi yanazuiwa yabaki kwenye injini mpaka ipate moto, yakichemka vya kutosha yanafunguliwa njia yaende kwenye rejeta kupoa. Kule Ifakara, baba yake alikuwa akipata gari lolote, cha kwanza anachong'oa ni themostati. Nchi ya joto, anasema, ya nini? Tupa. Na mtoto akakua na imani hiyo. Mwaka wa kwanza tu wa Kiberiti akamwamuru fundi Gidahosh, mwenye gereji pale mjini, akitoe.

Nani asiyeijua baridi ya Mbulu mwezi wa saba? Injini haikupata moto tena. Asubuhi gari lilikohoa mpaka maabara, petroli ikaenda kama maji ya mfereji. Mectilda akanyoosha mikono, akarudi kwa Gidahosh. Gidahosh si fundi mbaya, ila ni fundi mwenye haraka. Akatafuta themostati ya kutumika, akakata gasketi ya kuzibia maungio kwa mkasi kutoka kwenye boksi la sabuni, akapaka gamu kwa dole gumba, akafunga. Ikashika miezi kadhaa, halafu ikaanza kuvuja, tone kwa tone, maji yakidondokea kwenye bomba la moshi lenye moto.

Wa kwanza kulijua hilo hakuwa fundi wala mwenye gari. Alikuwa mama mkwe, Mama Natalia wa Bashay, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe mpaka anatambua watu kwa hatua zao. Siku moja alipandishwa garini kwenda misa, akanusa, akasema, "Mama Irene, gari lako linanukia asali iliyoungua."

"Ni marashi ya gari hayo, Mama," Mectilda akajibu.

Jamani. Mtu wa maabara, anayeshinda akipima mikojo na damu za watu, akaambiwa dalili wazi namna hiyo na asiione. Yale maji ya rangi ya kijani yanayowekwa kwenye rejeta yana harufu tamu yakiungua, na yeye alilijua hilo vizuri. Hakutaka tu liwe kweli.

Mwezi wa tatu madaktari wa macho walikuja Mbulu kwa siku mbili. Mama Natalia aliandikishwa. Mectilda akamfuata Bashay alfajiri ya siku ya mwisho, na walipofika katikati ya mlima Kiberiti kikachemka, kikatoa moshi mweupe, kikazima. Walikaa pale saa tatu nzima, bibi kizee juu ya jiwe amejifunika blanketi, mpaka lori la viazi likawaokota. Walipofika hospitali, daftari lilikuwa limefungwa. Mama Natalia hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililomuuma Mectilda kuliko matusi. Kule Bashay waliongea. Walisema yule mkamwana wa kuja, wa huko pwani (Ifakara wameifanya pwani, basi tu), alimtupa mkwe wake njiani.

Tangu hapo jicho la kulia lilizima kabisa, na la kushoto likabaki linaona mwanga na kivuli. Sasa ilikuwa Julai, na madaktari walikuwa wanarudi Jumanne. Mama Natalia alikuwa namba saba.

"Tukodi Noah," Lameck akasema mapema kabisa. "Nitaongea na Agustino, atuletee ya kwake."

Akapiga simu Bashay kumweleza mama yake. Simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, wote wawili wakasikia jibu. "Mimi nitakwenda na gari la Mama Irene. Lile lile. Watu walisema mkamwana wangu alinitupa. Nikienda na la mwingine, nitakuwa nimekubali. Lisipokuja lile, mimi siendi."

"Mama, macho ni yako."

"Na mkamwana ni wangu. Usiku mwema."

Ilikuwa saa nane mchana, lakini ndivyo alivyomaliza. Mectilda alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

Kwa hiyo ikawa hivi: Kiberiti kisipopona kabla ya Jumanne, Mama Natalia anabaki gizani, na hakuna ajuaye hao madaktari watarudi lini. Gidahosh alikuwa Katesh, upande wa Hanang, amekwenda kufungua injini ya lori, na harudi mpaka wiki ijayo. Ukweli wenyewe, hata angekuwepo, Mectilda asingempa. Alishaliona lile dole gumba lenye gamu. Akaagiza themostati mpya Arusha, ikaja na basi Ijumaa jioni ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lake vibaya, pamoja na ringi yake ya mpira na dumu la maji ya kijani. Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, akavaa koti lake la zamani la maabara, akafunga kitambaa kichwani, akafungua boneti.

Kwanza akakipima kidude chenyewe, maana mtu akichomwa na chai hupuliza hata uji. Akaweka sufuria jikoni, akatumbukiza themostati kwa kamba, akashika kipimajoto alichoazima kazini.

"Leo tunakula supu ya chuma?" Lameck akauliza mlangoni.

"Kaa kimya, uhesabu. Kwa mwinuko wetu huu maji yanachemka kwenye tisini na nne hivi. Hii imeandikwa themanini na mbili. Nataka nione."

Sabini, kimya. Themanini, kimya. Kwenye themanini na mbili na ushei kile kidude kikapanua mdomo taratibu, kikabaki wazi. Mectilda akakitoa, kikapoa, kikafunga. Roho yake ikatulia kidogo. Angalau hiki kinasema kweli.

Akakinga beseni chini, akalegeza mpira wa rejeta, maji yakashuka, nusu kijani nusu kutu. Halafu akazifuata bolti mbili zinazoshika kofia ya themostati. Ya kwanza ilitoka kwa spana namba kumi bila maneno. Ya pili ikakataa.

Hapo ndipo kazi ilipo. Bolti ya namna ile ukiilazimisha inakatikia ndani, na ikikatika, gari halitembei tena mpaka aje fundi wa kutoboa. Mectilda alijaribu kidogo, akahisi ile hali ya chuma kutaka kujinyonga, akaacha. Akaidondoshea dizeli. Akasubiri. Akaigonga kichwani kwa nyundo, vigongo vidogo vidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Akaimwagia maji ya moto. Akarudi na dizeli. Saa nzima ilipita hivyo, Lameck ameshachoka kutania, amekaa juu ya ndoo anaangalia tu.

"Nisaidie kuvuta?" akauliza.

"Hapana. Wewe una nguvu nyingi."

Alipoishika tena aliizungusha kwanza kuikaza, upana wa unywele tu, halafu akairudisha. Ikalia, ikaachia ghafla, spana ikateleza na ngumi yake ikagonga chuma. Ngozi ya kifundo cha kidole ikatoka. Hakujali hata kidogo. Bolti ilikuwa mkononi, nzima, na alikuwa anacheka peke yake.

Ndani akaikuta gasketi ya boksi la sabuni, imelowa kama mkate kwenye chai, bado maandishi yanasomeka. Akamwonyesha Lameck, Lameck akasema angalau ilikuwa ya sabuni, injini imefuliwa. Mectilda akakwangua mabaki yote kwa kisu butu, akaweka msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kuisugua ile kofia juu yake mpaka uso wake ukawa sawa, bila kidonda wala bonde. Akaivalisha themostati ringi yake ya mpira, akaiweka upande wa springi ukielekea injini, akafunga bolti kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo. Hakupaka gamu hata tone. Akajaza maji mapya mpaka juu, akafunika, akawasha.

Dakika tano, safi, pakavu. Dakika nane, pakavu. Akainama, akanusa. Hakuna asali. Akaingia ndani ya gari kwa furaha, akawasha hita apate joto la miguu, nayo ikapuliza baridi. Akatazama dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati na unaendelea kupanda.

Akazima. Akashuka, akakaa chini pale pale kwenye majani, koti la maabara na yote, akalia. Tusifiche, alilia. Alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa, kwa mkono wake, bila haraka, na bado lile gari lilikuwa linamrudisha kwenye ule mlima na bibi kizee juu ya jiwe. Lameck alikuja akachutama karibu naye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mpigie Gidahosh," akasema.

"Atanicheka."

"Acha akucheke. Mpigie."

Gidahosh alipokea kule Katesh, nyundo zinasikika nyuma yake. Mectilda akajikaza, akamweleza kila hatua, kuanzia sufuria mpaka mshale.

"Mama Irene, kioo na msasa nani alikufundisha?"

"Nimefikiria tu."

"Mimi sijawahi kufikiria. Haya, niambie, hita inapuliza nini?"

"Baridi."

"Na gari linaangalia wapi?"

Mectilda akageuka, akatazama. Kiberiti kilikuwa kimepaki kama kinavyopaki siku zote, na kama magari yote ya Endagikot yanavyopaki: pua bondeni, jiwe mbele ya tairi. Watu wa milimani ndivyo walivyo. Gari ukilielekeza chini, asubuhi ya baridi likigoma kuwaka, unatoa jiwe, linateremka lenyewe na kuwaka njiani. Mtoto wa Ifakara, kwenye nchi iliyolala kama meza, hakuzaliwa na mazoea hayo. Aliyajifunza huku, na alijivunia kuyajua.

"Linaangalia bondeni," akasema.

"Basi ndiyo hiyo. Rejeta iko chini, injini iko juu, hewa yote imepanda imejificha kwenye injini. Umejaza maji, lakini pale kwenye themostati pana hewa tupu. Liache lipoe kabisa. Likishapoa ligeuze, pua juu. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa bado la baridi, hita weka mwisho, ndipo uwashe. Litacheua lenyewe kama mtoto aliyenyonya. We ongeza maji tu." Halafu akaongeza, sauti imeshuka, "Na lile boksi la sabuni, Mama Irene, unisamehe. Siku ile nilikuwa na magari manne."

"Yamekwisha," Mectilda akasema, na kweli aliyaona yamekwisha.

Walisubiri mpaka injini ikashikika kwa mkono. Wakaligeuza, pua ikaelekea mlimani, tairi za nyuma zikawekewa mawe. Akafungua kifuniko, akawasha. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu pale mdomoni mwa rejeta likaja povu moja, likapasuka, likaja jingine kubwa, kisha maji yote yakashuka kwa mkupuo na kuacha shimo. Mectilda akamimina. Yakashuka tena. Akamimina. Karibu lita mbili zilizama humo, na mtu alikuwa anajidanganya kwamba gari limejaa. Lameck akaingiza mkono dirishani mbele ya hita.

"Moto," akasema. "Mama Irene, moto kabisa. Njoo ushike."

Akaja, akashika. Hewa ilikuwa ya moto kama mdomo wa tanuri. Mshale ulikuwa umekaa katikati, umetulia kama umepigiliwa msumari. Akaliacha liungurume nusu saa nzima, akazima, akawasha, akaenda nalo mjini akarudi, akapitisha kitambaa cheupe chini ya ile kofia. Kitambaa kikatoka kikavu. Akashusha pumzi ndefu aliyokuwa nayo tangu mwezi wa tatu.

Jumanne alfajiri walikuwa Bashay. Pamoja na yote hayo Mectilda alikuwa amepakia madumu matatu ya maji safi, maana imani ni imani na hofu ni hofu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Limekuja lenyewe?"

"Lenyewe."

Mama Natalia akapapasa bodi kwa kiganja, akainama mlangoni, akanusa. Alinusa kwa makini, kama anayechagua maziwa. "Halina asali," akasema, akaingia, akaweka miguu juu ya dumu. Wakaingia kwenye ule mlima. Mectilda aliendesha jicho moja barabarani na jicho moja kwenye mshale, mikono imelowa jasho kwenye baridi ile. Kiberiti kikapanda mpaka juu kikapita, na saa mbili kasoro Mama Natalia alikuwa kwenye benchi la hospitali, namba saba, blanketi begani.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kushoto. Jumatano asubuhi wakalifungua bandeji. Mectilda alimkuta mlangoni anapepesa, anatazama kuta, anatazama viatu vya manesi, anatazama kila kitu kwa zamu. Kisha akamtazama yeye.

"Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Nilikuwa nasikia hatua zako zimekuwa nzito, nikadhani ni mawazo."

Nje akalizunguka gari zima, polepole, fimbo mkononi. Akalitazama mbele, akalitazama nyuma. "Kumbe ndilo hili," akasema. "Dogo kama banda la kuku. Na milango mingine iko wapi?" Lakini alikuwa anatabasamu, na aliingia mwenyewe bila kushikwa.

Walipokuwa wanarudi, katikati ya mlima, Mama Natalia akasema ghafla, "Simama hapa."

Moyo wa Mectilda ukashuka mpaka kwenye pedali. "Kuna nini, Mama? Umesikia harufu?"

"Sijasikia kitu. Simama."

Akasimama. Bibi kizee akashuka, akaliendea jiwe kando ya barabara, akaligusa kwa fimbo. "Ni hili?"

"Ni hilo."

Akageukia bonde. Ukungu ulikuwa umeinuka, mashamba ya ngano yamekaa njano chini kule, moshi wa nyumba mbili tatu, ng'ombe wanaonekana wadogo kama punje. Alitazama kwa muda mrefu sana. "Siku ile nilidhani umeniketisha ukingoni mwa shimo," akasema. Halafu akamshika Mectilda mkono, akauinua karibu na jicho lake jipya, akakiona kile kifundo chenye kigaga, na weusi wa grisi ambao ulikuwa haujatoka kwenye kucha.

"Na hapa?"

"Spana iliteleza, Mama."

Aliushika ule mkono pale pale barabarani, mpaka mwenye pikipiki akawapita akawasalimu na kutoweka kwenye kona, ndipo akauachia.

"Twende," akasema. "Tukifika madukani ushushe vioo vyote. Na usikimbie."

Basi gari la mwendo wa mia mbili likapita madukani Bashay kwa mwendo wa trekta ya Ifakara, vioo chini, na watu wakatoka vibarazani. Mama Natalia aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina kabla hawajafungua mdomo. Akamwuliza Yonas koti lake la kijani kalipata wapi. Akamwambia mwingine duka lake linahitaji rangi. Na kila aliyemwita akamwonyesha kwa kidole aliyeshika usukani, akasema, "Huyu ndiye aliyenipeleka."

Nyumbani Mectilda alizima injini, akabaki amekaa, na ndipo akagundua kwamba tangu pale kwenye jiwe hakuwa ameutazama ule mshale hata mara moja. Mama Natalia alikuwa ameshashuka, anadai chai. Wakatoa dumu moja la maji garini, wakapika nayo.